Kuhamisha Mlango

"Sogeza mlango, mwanangu. Nikiwa jikoni nataka kuona lango na mbuzi wangu."

Bibi aliyesema hayo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, katika chumba kimoja cha soko la Matiliku, fimbo magotini, macho kwenye kompyuta. Mchoraji ramani za nyumba, kijana wa rika la mwanangu, hakukimbilia kipanya. "Lango liko upande gani, mwaitu?" Bibi akanyoosha fimbo kuelekea liliko boma lake, kana kwamba ukuta ulio mbele yake haupo. Kijana akaifuata fimbo ile kwa macho, akanyamaza kidogo, ndipo akageukia kazi.

Mimi nilikuwa nimeingia kutoa nakala ya kitambulisho. Nilisahau kilichonileta.

Kijana akapiga herufi moja, M, akauchagua mlango pamoja na fremu yake na ule upinde unaoonyesha unavyofunguka. Programu ikamtaka aonyeshe anaushikia wapi. Wengi hushika popote, wakaburuta. Yeye aliupeleka mshale hadi bawaba zinapokutana na ukuta, akangoja kimraba kidogo kiwake penye pembe, ndipo akabonyeza. Wachoraji wanazijua alama hizo: mraba ni ncha ya mstari, pembetatu ni katikati yake, duara ni kitovu. Akafunga mwelekeo usiyumbe, akaandika 1200, kwa milimita. Mlango ukahama.

Nilidhani amemaliza. Kumbe ndiyo kwanza anaanza. Aliziba uwazi wa zamani, akakata mpya, akahamisha swichi ya taa ambayo sasa ingefichwa na mlango ukifunguliwa. Kisha akalitazama tangi la maji lililochorwa nje, ambalo lingemkabili bibi kila atokapo jikoni. Alilishika kwenye kitovu, akalipeleka kwenye kona ya nyumba, akapima nafasi ya mtu kupita na mtungi wake, halafu akarudi juu kwenye paa kuugeuza mteremko wa gata ili maji yalifuate tangi. Huku kwetu mvua tunayoitumainia ni ya Oktoba hadi Desemba. Gata linaloteremkia upande usio na tangi ni msimu mzima uliomwagwa.

Ufundi huu wa kuhamisha michoro kwenye skrini una umri. Mwaka 1963, huko Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu aliyoiita Sketchpad: alishika nukta kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga, akaivuta, na mistari iliyoungana nayo ikafuata. AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, ilitoka mwaka 1982. Mchongaji vinyago wa Wamunyu hajawahi kupata rehema hiyo ya kuhamisha. Sikio la twiga likishakatwa, limekatwa.

Wala mjomba wangu hakuipata. Alikuwa mchoraji ramani wakati wa wino na karatasi angavu, na mimi, nikiwa mtoto, niliruhusiwa kusimama kando ya meza yake kwa sharti la kutopumua karibu. Mteja akitaka mlango uhame, mjomba alivunja wembe vipande viwili, akachukua kimoja, akakwangua wino kwa mikwaruzo myepesi ya kwenda upande mmoja tu. Alipuliza vumbi. Kisha alisugua pale alipokwangua kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, mpaka karatasi ikang'aa tena, la sivyo wino mpya ungetawanyika kama chai kwenye kitambaa. Mahali pamoja palivumilia kukwanguliwa mara mbili, pengine tatu. Baada ya hapo karatasi hutoboka, na siku nzima za kazi zimekwenda.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa wembe, mjomba aliinuka. Alitembea sakafuni akihesabu hatua, akifungua kwa mkono mlango usiokuwepo, akijipinda kupishana na meza isiyokuwepo. Mama yangu alimcheka. Mimi sikucheka, niliiona ile nyumba.

Siku hizi kuhamisha hakugharimu kitu, na naogopa ndiyo maana kunafanywa bila kutembea sakafuni. Ukuta unaburutwa kwa macho hadi uonekane umegusana na mwenzake. Ukiikuza picha, kuna upenyo. Chumba cha mita tatu kinasomeka 2997, na fundi aliyeko juani na uzi wake na vigingi vyake ndiye anayeachiwa kukisia mchoraji alikusudia nini.

Nyumba yangu mwenyewe imeniuma hivyo. Niliomba bafu lihamie upande wa pili, na mchoraji mmoja, mbali na hapa, akalihamisha mbele yangu kwa sekunde chache, nikamshukuru. Mabomba ya maji taka yalikuwa kwenye tabaka jingine la ramani, nalo alikuwa amelizima ili skrini isijae mistari. Kilichozimwa hakikuhama. Fundi akachimba kufuata ramani, bomba likapita chini ya chumba cha kulala, na tukagundua zege ya sakafu ikiwa imekwisha kukauka. Nilisimama pale nikitazama nyundo ikivunja sakafu ya wiki mbili, nikamkumbuka mjomba na hatua zake.

Bibi aliikubali ramani yake. Kijana akaichapa, akamkunjia vizuri. Nje, kilima cha Nzaui kilikuwa wazi, kile ambacho wazee wanasimulia kwamba mwambani mwake zimebaki nyayo za Wakamba wa kwanza na ng'ombe wao.

Nina karatasi moja ya mjomba. Jioni nilipofika nyumbani niliitoa, nikaiweka kwenye kioo cha dirisha. Wino umefifia kuwa wa kahawia. Lakini karibu na jiko, mahali ambapo mlango ulikuwa kabla haujahama, karatasi ni nyembamba, na mwanga unapita pale zaidi kuliko kwingine kote.