Filamu Imeishia Pale Swali Lilipoanza

Mwezi uliopita tuliwaonyesha vijana wa kituo chetu filamu ya Lincoln, ile ya Steven Spielberg ya 2012. Bahati nzuri jenereta halikuzima. Bunge la Marekani lilipopitisha kufutwa kwa utumwa, kura 119 kwa 56, ukumbi mzima ukapiga makofi. Na mimi nikapiga. Halafu binti mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, "Sasa kaka, kesho yake walikwenda kuishi wapi?"

Sikuwa na jibu. Filamu nayo haina, na hapo ndipo ninapoilaumu.

Sisemi ni filamu mbovu. Daniel Day-Lewis anamcheza Lincoln kama mzee wa baraza, kila shauri analijibu kwa kisa. Pia inaonyesha jambo ambalo wengi hatupendi kulisikia: sheria nzuri nayo hupita kwa kubembelezana na kuahidiana vyeo. Lakini hadithi inafika Aprili 1865, Lincoln anauawa, basi. Mtazamaji anarudi nyumbani akidhani kazi imekwisha.

Haikuisha. Novemba mwaka huohuo jimbo la Mississippi lilitunga sheria za kuwabana watu weusi. Ifikapo Januari 1866, kila mmoja alitakiwa awe na makazi au kazi, na karatasi ya kuthibitisha. Asiye na kazi aliitwa mzururaji, faini hadi dola 50. Akishindwa kulipa ndani ya siku tano, anakodishwa kwa yeyote atakayemlipia. Ukiacha kazi kabla mkataba haujaisha, bila sababu inayokubalika, unapoteza mshahara wako wa mwaka huo. Kukodi shamba nje ya mji, marufuku. Watoto yatima walipewa mabwana "wawafundishe kazi", na bwana wao wa zamani ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza. Jamani, huo ni uhuru gani?

Sasa chukua Sheria ya Haki za Kiraia ya 1866. Inasema raia wote wana haki sawa ya kufanya mikataba, kushtaki, kutoa ushahidi, kurithi, kununua na kukodi mali. Ukiisoma peke yake inachosha kama orodha ya mgao. Iweke kando ya zile za Mississippi, ndipo unaona kwa nini wameandika mkataba, kwa nini wameandika kukodi. Rais Andrew Johnson aliikataa. Bunge likaipitisha bila yeye tarehe 9 Aprili 1866. Miaka miwili baadaye haki hizo zikapata nguzo kwenye Katiba. Hata hivyo zilivunjwa tena kwa miaka mingi, mpaka ikahitajika sheria nyingine mwaka 1964.

Na walioonewa hawakukaa kusubiri. Novemba 1865 watu weusi wa South Carolina walikutana katika kanisa la Zion, Charleston, wakaliandikia Bunge ombi lao. Februari iliyofuata Frederick Douglass na wenzake walimkabili Johnson uso kwa uso. Katika filamu Douglass hayumo kabisa. Watu weusi wengi tunaowaona humo ni askari na watumishi, wanangoja wazungu wamalize kupiga kura.

Nieleweke: kambi si Mississippi. Lakini kuishi kwa karatasi tunakujua. Na vijana wangu, nikiwaambia waandike kwenye daftari yaliyowapata, wananijibu, "Tunaandika tu, nani anasoma?" Filamu hii imewaongezea shaka hiyo. Historia yenyewe ingewapunguzia.

Kwa hiyo tutaionyesha tena. Safari hii, ikiisha, hatuondoki: tutasoma sheria hizo mbili mstari kwa mstari, na yule binti ndiye atakayeanza. Ninyi wa mashirika mnaotuletea filamu, karibuni, ila mje na muda. Maswali ni mengi.