Mkoba, Tochi na Kioo cha Sukari

Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, mdai, Shylock, anataka ratili ya nyama kutoka mwilini mwa mdaiwa wake. Mahakamani maneno ni mengi. Lakini anapoanza kunoa kisu kwenye soli ya kiatu, na mizani ameshakuja nayo, hakuna tena anayedhani kuwa anatania.

Hiyo ndiyo kazi ya vifaa vya jukwaani: kulifanya neno lishikike. Mwaka 1598, Philip Henslowe, mwenye jumba la maonyesho la Rose jijini London, aliorodhesha mali ya kundi la waigizaji. Humo mlikuwa na jabali moja, kaburi moja, mti wa matofaa ya dhahabu na kinywa cha jehanamu. Jehanamu nayo ilikuwa na nafasi yake stoo.

Kifaa kizuri humsaidia mwigizaji kusema asichoandikiwa. Berlin, mwaka 1949, Helene Weigel alicheza Mama Courage katika tamthilia ya Bertolt Brecht, mchuuzi anayekokota mkokoteni wake vitani huku akipoteza watoto mmoja baada ya mwingine. Kiunoni alikuwa na mkoba wa ngozi. Binti yake pekee alipouawa, Weigel alitoa sarafu za kuwalipa wakulima wamzike, akazitazama, akarudisha moja mkobani, kisha akawapa zilizobaki. Uchuuzi ulikuwa umemwingia mama huyo hadi kwenye mazishi ya mwanawe.

Filamu ina masharti yake, kwa kuwa kamera husogea karibu kuliko mtazamaji yeyote wa ukumbini. Hata hivyo, si lazima kifaa kiwe cha ghali. Upanga wa mwanga wa Luke katika Star Wars ya mwaka 1977 ulianza kama mpini wa taa ya kamera kuukuu ya Graflex. Mpambaji wa seti, Roger Christian, aliubandika vipande vya plastiki, ukawa silaha ya sayari za mbali.

Ufundi mwingine ni wa kudanganya jicho bila kuumiza mwili. Dirisha la kupasuliwa kwa bega lilitengenezwa zamani kwa sukari iliyochemshwa, na siku hizi hutumika utomvu maalumu wa viwandani. Katika Psycho ya mwaka 1960, filamu isiyo na rangi, damu bafuni ilikuwa sharubati ya chokoleti.

Uzembe hapa huua. Oktoba 2021, wakati wa mazoezi ya tukio la filamu ya Rust huko New Mexico, bastola iliyopaswa kuwa salama ilikuwa na risasi ya moto, na mpigapicha Halyna Hutchins akafariki. Msimamizi wa silaha alitiwa hatiani mwaka 2024.

Kwa hiyo nyuma ya pazia huwa kuna meza iliyogawanywa kwa utepe, kila kifaa na sehemu yake yenye jina. Kabla ya onyesho fundi huipitia: miwani ipo, taa inawaka, na barua iliyochanwa jana imeshaandikwa nyingine.