Tani saba za kwenye karatasi

Mwaka 2017 Halidi Lyeme, Allen Mushi na Yaw Nkansah-Gyekye walichapisha modeli ya kompyuta ya kupanga taka ngumu za Dar es Salaam. Waliipa malengo matatu yanayogombana: gharama zishuke, mazingira yaumie kidogo, mzigo unaofika dampo upungue. Kila lengo huwekewa kiwango, kisha kompyuta hugawa taka (hizi mboji, hizi kiwandani, hizi dampo) mpaka ipate mgawanyo unaokosea viwango hivyo kwa uchache kabisa. Ukilipa lengo la gharama uzito mkubwa, kwa kawaida jibu litaelemea dampo. Basi anayepanga uzito ndiye mwamuzi, na huyo ni diwani zaidi kuliko mtaalamu.

Nikiisoma nikiwa huku Ziba, wilayani Igunga, mkoani Tabora, mimi nakwama kwenye lori. Tuseme kadi yake inasema tani 7, na bodi lake ni mita za ujazo 10. Taka za majumbani kwetu, yaani maganda, majivu na mchanga uliofagiliwa uani, tuzikadirie kilo 300 kwa mita moja ya ujazo zisiposhindiliwa. Bodi likijaa pomoni limebeba tani 3. Mji wenye tani 21 utapangiwa safari 3 kwenye kompyuta inayofuata kadi, barabarani zitakuwa 7. Dizeli ya safari 4 hizo nani aliiombea bajeti? Na maembe ya Tabora yakiiva, maganda yaliyoloa yanaongeza uzito, hata hiyo 300 haifai tena.

Urejelezaji una shida yake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo taka zilizopimwa kabla ya hapo si hizi za leo. Chupa na vyuma chakavu huokotwa kabla lori halijafika, ilhali kwenye hesabu huweza kubaki kama mapato. Tena ukitaka kuzipeleka Dar zikarejelezwe, kutoka Tabora kwa reli ni zaidi ya kilomita 800. Chupa zisizogandamizwa ni kusafirisha hewa. Pembe za ndovu za misafara ya zamani angalau zililipa nauli yake.

Igunga ni wilaya ya pamba, mizani ya kuipimia ipo. Msimu wa ununuzi ukiisha, magunia ya taka yapimwe hapo hapo, wiki moja ya kiangazi na moja ya masika, kilo kwa mita ya ujazo. Programu ya njia za lori inunuliwe baadaye.