Mgonjwa siyo kipande cha picha

Maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere imefanya kazi ya kupigiwa makofi, tuseme ukweli. Mwaka 2016 Quinn, Nakasi na wenzao walionesha kwamba simu janja ikifungwa kwenye hadubini inapiga picha ya tone zito la damu, kisha programu inatafuta vimelea vya malaria. Picha hukatwa vipande vidogo, na kila kipande kinaulizwa: kimelea kipo au hakipo?

Usahihi nao ulipimwa kwa vipande, na hapo ndipo ninapogoma. Chukua hesabu ya kubuni: picha ina vipande 400 na programu inakosea 1 kati ya 100. Mtu asiye na malaria kabisa anapewa "vimelea" 4, tena kwenye picha moja tu! Slaidi haitangazwi safi kabla ya kuangalia maeneo kama 100. Sasa fikiria mtoto wa Mikumi mwenye homa ya nimonia, anapewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani.

Halafu, nani anasogeza slaidi? Yuleyule mtaalamu wa maabara aliyechoka.

Mtasema zahanati zina kipimo cha haraka, MRDT. Sawa, ila hakihesabu vimelea, na kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Hadubini bado tunaihitaji. Kwa hiyo simu yao siikatai. Naomba ipimwe kwa mgonjwa mzima, kwa slaidi zilizopakwa rangi hapahapa Kilosa, na vumbi lake.