Nguvu ya Kupanda Nguzo: Msuguano, Kano na Muda

Dansi ya nguzo, yaani mchezo ambao mwili hupanda, huzunguka na kuning'inia kwenye bomba la chuma lililosimamishwa wima, imetoka katika kumbi za starehe ikaingia katika vyumba vya mazoezi, na tangu 2009 ina shirikisho la kimataifa ambalo kanuni zake za mashindano hutaja hata kipenyo cha bomba, milimita 45. Hata hivyo, mkazi wa Bunia anayetaka kuelewa jinsi binadamu anavyojishikiza kwenye kitu kilicho wima hahitaji kuanzia ng'ambo, kwa kuwa barabara itokayo mjini kupitia Komanda hadi Mambasa na Epulu huingia katika msitu ambao Wambuti na Waefe wamepanda miti yake kwa vizazi vingi wakitafuta asali. Kazi hiyo, ikichambuliwa kwa makini, inaeleza vema kwa nini anayeanza dansi hii huumia mikono kabla hajajifunza lolote.

Kinachomzuia mtu asiteleze kwenye nguzo ni msuguano, yaani ukinzani unaotokea nyuso mbili zinapobanwa pamoja, ambao hukua kadiri mbano unavyoongezeka na hutegemea pia hali ya nyuso zenyewe. Ikichukuliwa, kwa mfano, kwamba ngozi kavu hupata kwenye chuma msuguano unaolingana na nusu ya mbano, mtu wa kilo 60 atalazimika kuibana nguzo, kwa jumla ya sehemu zote za mwili zinazoigusa, kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 120. Na jasho au mafuta ya kupaka yakiishusha nusu hiyo hadi robo, mbano unaohitajika hufika kilo 240, mzigo usiobebwa na vidole peke yake. Ndiyo maana wazoefu hawajipaki mafuta siku ya mazoezi, hulifuta bomba mara kwa mara, na huvaa kaptura fupi, vazi linalosemwa sana ingawa sababu yake ya kwanza ni kwamba paja lililo wazi hushika chuma, ilhali kitambaa huteleza. Wanasarakasi wa mlingoti wa Kichina, ambao bomba lake hufunikwa kwa mpira, hufanya kinyume kabisa: hujifunika mwili ili mpira usiwachune.

Mbano huo huzalishwa kwa njia mbili, na hapo ndipo mpandaji wa msituni anapokuwa mwalimu. Njia ya kwanza ni kukumbatia, ambapo miguu huibana nguzo kutoka pande mbili. Katika hatua ya msingi ya dansi, muundi wa mguu mmoja hukaa mbele ya bomba na shavu la mguu wa pili hukaa nyuma yake, kisha magoti hukazwa hadi mikono iwe huru kusogea juu. Njia ya pili ni kuvuta na kusukuma, ambapo mikono huvuta shina kuelekea kifuani huku nyayo zikilisukuma mbali, na mpandaji huonekana kama anayetembea juu ya mti. Shina nene lisilokumbatika huzikataa njia zote mbili, ndiyo sababu mrina asali hupanda mti mwembamba wa jirani au mtambaa wa msituni, kisha huvukia kwenye mti wenye nyuki. Katika njia zote mbili mzigo mkubwa huchukuliwa na miguu, ambayo misuli yake ni minene na haichoki upesi, wakati mikono huongoza na kusawazisha. Anayeanza hufanya kinyume, hujivuta kwa mikono na kuiacha miguu ikining'inia.

Mwaka 2013 watafiti Vivek Venkataraman, Thomas Kraft na Nathaniel Dominy walichapisha uchunguzi uliowalinganisha Watwa wa Uganda, wanaopanda miti kutafuta asali, na majirani zao Wakiga ambao ni wakulima. Walionyesha kwamba wapandaji hukunja kifundo cha mguu kupita digrii 45 kuelekea muundi, na walipopima misuli ya shavu la mguu kwa mashine ya mawimbi ya sauti, walikuta nyuzi zake ni ndefu zaidi kwa Watwa kuliko kwa Wakiga. Maelezo waliyoyapendekeza ni kwamba tofauti hiyo ya misuli hutokana na kupanda kwenyewe, kwa kurudiarudia tangu utotoni. Hoja hii inamhusu moja kwa moja mtu mzima anayeanza akiwa na miaka 25 au 40: mwili hubadilika, lakini kila tishu ina kalenda yake.

Kalenda hizo hazilingani, na hapo ndipo hatari ilipo. Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka haraka kwa sababu mishipa ya fahamu hujifunza kuiamsha misuli iliyopo, kisha misuli yenyewe hunenepa. Kano, yaani kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, hupata damu kidogo na huimarika kwa miezi. Anayejiona ameshakuwa hodari mwezi wa pili huwa na misuli inayoweza kuzitesa kano zake, na maumivu ya kiwiko au ya kifundo cha mkono humfikia bila ajali yoyote. Siku ya mapumziko kati ya mazoezi mawili na kufanya kazi pande zote mbili za mwili si adabu tu za darasani.

Zoezi la kwanza linalofaa halina uzuri wowote wa kutazamwa: kuning'inia miguu ikigusa sakafu, makombe ya mabega yakiwa yamevutwa chini, ili uzito ubebwe na misuli ya mgongo badala ya kuachiwa kiungo cha bega. Linalofuata ni kushuka polepole, kwa kuwa msuli hustahimili mzigo mkubwa zaidi unaporefuka kuliko unapojikunja, hivyo asiyeweza kujivuta juu hata mara moja anaweza kupanda kiti na kujishusha kwa utulivu. Kupinduka kichwa chini huja baadaye sana, pale magoti yanapoweza kupandishwa kifuani bila kurusha miguu. Mrusho huo huficha udhaifu wa tumbo na hulitwisha bega mzigo wa ghafla.

Nguzo nayo huhitaji uchambuzi wake. Bomba la maji la inchi moja na nusu, ambalo fundi yeyote wa kuchomelea hulifahamu, lina kipenyo cha nje cha takriban milimita 48, kwa hiyo kiganja hulikubali. Lakini lile lililopakwa zinki huwa na chembe zinazochuna ngozi, na mshono wake hauna budi kusuguliwa. Nguzo za kubana kati ya sakafu na dari zimebuniwa kwa dari ngumu, na chini ya mabati yaliyoshikiliwa na mbao nyepesi zitaisukuma dari badala ya kujikaza. Bomba lililozikwa katika zege, likafungwa juu kwenye boriti ya kweli, ndilo la kuaminika, na hujaribiwa kwa kuvutwa upande na watu wawili wazima kabla ya yeyote kulipanda.