Baridi ya Msio

“Maji mengi,” bibi alisema, akauchukua msio kutoka mapajani mwangu.

Ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo. Mwezi wa saba, kusi linavuma, nami nimekaa kwenye mkeka uani kwake Bagamoyo, najifunza kusaga liwa. Safari yote ilianzia kwenye beseni. Siku chache kabla, nikiwa Dar es Salaam, nilifuata mtindo wa vijana: unatia barafu kwenye beseni la maji, unatumbukiza uso, unahesabu. Nilinunua mifuko minne ya barafu kwa jirani, nikainama, nikafika kumi na mbili. Paji la uso lilinigonga kama jino bovu. Baridi ya namna hiyo husinyaza mishipa midogo ya damu, kwa hiyo uvimbe wa macho hushuka kweli. Mishipa ikishapata joto hutanuka, na uso unarudi ulivyokuwa. Tena, uso ukizama kwenye maji baridi huku umezuia pumzi, mapigo ya moyo hupungua, kwa hiyo mwenye maradhi ya moyo amwone daktari kabla ya kucheza mchezo huo. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mke mwenzangu,” akasema, “kwani wewe samaki?”

Kisha akaenda ndani kuleta jiwe.

Msio wake ni kipande cha tumbawe kilichochongwa duara, mpana kama kisahani cha chai, na katikati umelika ukawa na kibonde. Liwa yenyewe ni kijiti cha mti wa harufu, mfano wa sandali, na chake kimebaki urefu wa kidole gumba. Alichovya ncha ya kidole kwenye maji, akadondosha matone matatu kwenye kibonde, akakilaza kijiti kidogo upande na kuanza kukizungusha. Mimi nilikuwa nakisugua mbele na nyuma, kama mtu anayenoa kisu. Yeye bega halikutikisika. Kilichofanya kazi ni kifundo cha mkono tu, duara juu ya duara, kila moja ikianza kabla ya iliyotangulia kwisha.

Halafu niligundua kwamba haangalii. Alikuwa akizungumza na mtu wa mlangoni kuhusu bei ya dagaa, na mkono unaendelea. Anafuata sauti. Maji yakizidi, kijiti huteleza na jiwe linanyamaza. Yakipungua, jiwe linakwaruza, na hapo ni tumbawe lenyewe linalotoa chembe, ambazo ukizipaka usoni zitakuchuna. Katikati ya kunyamaza na kukwaruza kuna mvumo mdogo, kama wa mtu anayepuliza chai. Alipoupoteza aliongeza tone moja, si mawili, na mvumo ukarudi. Hata nilipotoka kwenda jikoni aliniita nirudi kuisikiliza sauti hiyo: “Umekuja kujifunza au kuchemsha maji?”

Rojo iliyopatikana baada ya muda mrefu ilijaa nusu kijiko. Aliipima mgongoni mwa mkono wangu, akaitandaza kwa kidole, akatafuta chembe. Hakuiona hata moja. Akatia tone la marashi ya waridi kutoka kwenye mrashi, basi.

Mtungi ulikuwa pembeni, chini ya mwembe, umefukizwa ubani tangu jana. Maji yake yalikuwa baridi kuliko nilivyotarajia, na hayajaona friji. Mtungi wa udongo hutoa jasho: maji hupenya polepole kwenye ukuta wake, yanakauka kwa upepo, na yanapokauka yanaondoka na joto. Liwa usoni hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana bibi alinikalisha upande wa upepo na kukataa nikae chumbani, kwenye fukuto lisilokausha kitu. Fundi huyu hajawahi kusoma fizikia, lakini kiti alikiweka mahali pake hasa.

Raha sikuipata mara moja, niseme kweli. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kusi shingoni, rojo ya baridi inapakwa kuanzia kwenye paji, mashavu, kidevu, mpaka mabegani. Mwili ulinisisimka wote. Inapoanza kukauka inakaza, ngozi inavutwa kama ya ngoma, na huruhusiwi kusema wala kucheka, kwa kuwa ikipasuka utaanza upya. Bibi alijua, ndiyo maana alichagua wakati huo kusimulia habari za babu.

Nilinawa kwa maji ya mtungi bila sabuni. Ngozi ilikuwa laini, na ubaridi wake ulikaa mpaka tulipokunywa chai. Weupe haukuja, na bibi hakuuahidi. Wanaouza liwa kwa ahadi hiyo wanauza kitu kingine.

Ufundi huu si wa Bagamoyo peke yake. Wamakua wa Kisiwa cha Msumbiji wana msiro, Wakomoro wana msindzano, na wote wanasaga mti kwa maji juu ya jiwe. Wa kwetu wa mrima, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliandika desturi za watu wa pwani hii katika kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903, harusi zikiwemo. Lakini kifundo cha mkono cha bibi hukijui mpaka unyang’anywe jiwe mara tatu.

Sandali nayo imekuwa ghali. Msandali wa Afrika Mashariki hung’olewa na mizizi yake kwa ajili ya mafuta, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Kijiti cha bibi, kwa nusu kijiko kwa mara moja, amekuwa nacho tangu mama yangu hajaolewa.

Ukienda kununua chako, usikinuse kwa nje, maana mti wowote ukipakwa mafuta utanukia. Mwombe muuzaji akikwangue, unuse ndani. Akikataa, mrudishie.