Mambo Leo lilivyowapatia washairi wachanga wasomaji

Mwandishi chipukizi akiuliza afanyeje ili asomwe, hujibiwa upesi: andika kila siku, sambaza kila kona. Atasambaza mpaka achoke, na wanaosoma watabaki kuwa ndugu na marafiki. Kazi ya kumtafutia mtu asiyejulikana wasomaji iliwahi kufanywa kwa Kiswahili na ikafaulu, katika ukurasa wa mashairi wa Mambo Leo. Jarida hilo la kila mwezi lilianzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923. Miaka ya 1930 mmoja wa waliolipelekea mashairi alikuwa karani wa forodha ambaye bado hakuwa na kitabu: Shaaban Robert.

Ukurasa huo ulimpatia mgeni wasomaji kwa nyenzo tatu. Nyenzo ya kwanza ilikuwa bahari iliyozoeleka, yaani mtindo wa shairi ambao kila mtu aliujua. Ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani (silabi) 16, nane ukwapi (kipande cha kwanza) na nane utao (cha pili), vina vikilingana kati na mwisho. Kanuni hizi Amri Abedi alizieleza kitabuni mwaka 1954, lakini watu walikuwa wakizitumia tangu zamani. Kwa mgeni zilikuwa msaada, maana aliweza kuhesabu mizani kwa vidole na kujua kama kazi yake imetimia kabla ya kununua stempu. Mhariri naye aliliona kosa mara moja, na alijua shairi litachukua nafasi gani.

Nyenzo ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni kujibizana. Mchezo huu ni wa kale. Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana mashairi na washairi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19. Tuuone unavyofanya kazi. Tuseme mkulima wa Nachingwea anatoa swali hili:

Wakulima nauliza, jibu nipeni jamani,
Korosho tumezijaza, zimetoka mashambani,
Mnada ukitangaza, bei ya chini sokoni,
Tukubali kuziuza, au zilale ghalani?

Anayetaka kujibu analazimika kushika vina vilevile, -za na -ni, na kuigusa hoja yenyewe. Hawezi kufanya hivyo kwa kupitisha macho tu. Atausoma ubeti mara tatu au nne, ataughani, atapima kila neno. Muulizaji amepata msomaji makini bila kumfahamu. Wakijibu watu wawili, mmoja akisema uza na mwingine akisema ngoja, msomaji wa tatu atasubiri toleo lijalo aone nani kamshinda nani. Watu huvutwa kwanza na ubishi, na majina ya wabishani huwakaa kichwani baadaye. Ndiyo maana swali zuri lilimfaa mgeni kuliko shairi zuri la kujisifu.

Nyenzo ya tatu ni mahali. Mtunzi aliweka jina lake na mji wake, na jarida lenyewe lilikuwa na safu ya habari za miji. Mtu wa Lindi akiona kalamu ya Lindi, alimwonyesha jirani. Na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, nakala moja ilisomwa kwa sauti ikasikilizwa na kundi zima. Shairi lenye mizani linafaa kwa kazi hiyo: likisikika mara moja, kipande hubaki masikioni.

Upungufu ulikuwepo. Lilikuwa jarida la serikali ya kikoloni, kwa hiyo swali la kuichoma serikali lisingepita kirahisi. Kutoka mara moja kwa mwezi kulichelewesha majibu. Na aliyependa kuandika hadithi au makala hakuwa na mchezo wa kujibizana wa kumvutia wasomaji.

Hata hivyo, mtambo huu unaweza kuundwa upya leo kwa gharama ndogo. Wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale zina chama kikuu kimoja cha ushirika, RUNALI, na kila msimu wa mnada mabishano ya bei hayakosekani. Mada ipo. Kinachohitajika ni kundi la simu au ubao wa shule, mhariri mmoja asiyeona haya kurudisha kazi yenye mizani pungufu, swali moja kwa wiki, na sharti kwamba anayetaka shairi lake litoke lazima kwanza amjibu mwenzake. Mwandishi wa hadithi naye asiachwe nje: atoe sura ya kwanza, mwingine aandike ya pili.

Sharti la kumjibu mwenzako kwanza lisilegezwe. Makundi mengi ya waandishi hufa kwa sababu kila mmoja anakuja kubandika chake na kuondoka. Mwalimu wa Kiswahili unayesoma safu hii, usingoje mradi wala mfadhili: Jumatatu andika swali lako ubaoni, na usipokee shairi lolote ambalo halimjibu mtu.